Goti Lililojibu Nyundo

Mume wangu alikuwa fundi wa mawe. Kabla ya kukata jiwe lolote alilipiga kwanza kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Jiwe zima hulia, na mlio wake ni mkavu, hukaa sikioni kidogo. Jiwe lenye ufa ndani hutoa sauti nzito, kana kwamba umepiga gunia la unga. Kwa macho huoni tofauti. Mawe ya kwetu, yale ya rangi ya majivu yanayochimbwa kutoka Ruiru kuelekea Juja mpaka Murera, yana tabia ya kuficha ufa, na fundi asiyesikiliza hufika jioni akiwa na rundo la vipande vya kujazia misingi na hana hata jiwe moja la kujengea ukuta.

Machimbo tuliyaita timbo. Nilikuwa nikimpelekea chakula huko, na nilimwona akifanya hivyo mara nyingi. Aligonga, akalaza kichwa upande mmoja, akangoja. Jiwe likilia alisema, "Hili liko hai." Lisipolia alilisukuma kando kwa mguu. Naanza na nyundo hiyo kwa sababu baadaye ndiyo iliyotupoteza. Watu wa timbo walijua jambo moja kwa hakika: kitu ukikipiga kikakujibu, ndani hakijavunjika.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari, serikali ilipokuwa imetukusanya katika vijiji vyenye handaki na lango. Sisi tulikuwa Gitothua, nyumba ya tatu kutoka langoni: mume wangu, mimi, na mama yake. Mimi nilizaliwa upande wa Thika, nikasoma kule mpaka darasa la nne, na mume wangu hakuacha kunitania kwa hilo. Nikiunguza chakula aliniambia, "Wewe mtu wa Thika, hata maji utayaunguza." Mama yake nilimwita Maitu kama yeye alivyomwita, maana kwa Kikuyu ndivyo mtu anavyomwita mama yake. Tulikuwa na miaka miwili ya ndoa na mtoto alikuwa hajaja.

Asubuhi moja baada ya mvua aliteleza. Alikuwa amesimama juu ya ukuta wa timbo, mtaimbo mkononi, akaanguka chali kutoka kimo cha watu wawili, mgongo ukatua kwenye ukingo wa jiwe alilolikata mwenyewe. Wenzake waling'oa mlango wa kibanda cha vifaa, wakamlaza juu yake, wakampandisha kwenye lori la mawe na kumpeleka hospitali ya Thika. Mimi nilipata kibali cha kusafiri siku ya tatu.

Nilimkuta uso wake ni ule ule na mikono yake ni mizima. Aliniuliza kama nimemletea viazi au nimekuja kumwangalia tu. Lakini kuanzia kitovuni kwenda chini hapakuwa na kitu alichoweza kukiamuru. Miguu ilikuwa imelala kitandani kama nguo zilizolowa maji. Mkojo ulitoka kwa mpira.

Palikuwa na dresa mmoja, msaidizi wa daktari, Mwislamu aliyekaa Majengo pale Thika, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini. Nilimwita daktari, naye kila mara alinirekebisha kwamba yeye ni dresa tu. Alikuwa na nyundo yake, ndogo, yenye kichwa cha mpira. Mume wangu alipoiona alicheka, akasema nyundo ya namna hiyo haiwezi kuvunja hata yai. Dresa aliliinua goti lake kwa mkono mmoja akaligonga chini kidogo ya kifuniko. Akangoja. Akagonga tena. Mguu haukufanya lolote. Kisha akaniketisha mimi kwenye benchi, akanigonga juu ya gauni, na mguu wangu ukaruka kidogo bila ruhusa yangu. Niliona haya. Akasema goti la mtu mwenye afya hujibu hivyo, kidogo tu.

Mume wangu alikuwa ametutazama muda wote.

"La kwangu halilii," alisema.

Dresa alidhani anasema juu ya maumivu, akamjibu kwamba ni kweli, hataumia. Mimi nilielewa. Alikuwa amejisukuma kando kwa mguu, kama jiwe.

Kabla ya kuturuhusu kwenda nyumbani, dresa alinifundisha kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kumgeuza kila baada ya saa mbili, mchana na usiku: ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia. Alieleza kwamba mtu mzima hujigeuza hata usingizini, kwa sababu ngozi iliyokandamizwa hulalamika. Ya huyu haitalalamika, itakufa kimya kimya. Kazi ya pili ilikuwa kumkamua mkojo. Mpira ulikuwa umeshatolewa, na sasa nilitakiwa kuweka viganja chini ya kitovu chake na kukandamiza polepole mpaka kibofu kiwe tupu kabisa, maana mkojo unaobaki huharibika na ubaya wake hupanda mpaka kwenye figo. Alinifanyisha kazi hizo mbele yake siku tatu mfululizo.

"Mama, hizi kazi mbili ndizo dawa," aliniambia. "Nyingine sina."

Nilimuuliza kama atatembea. Alisema hajui. Nafikiri alijua, lakini sikumpa nafasi ya kusema, kwa sababu nilianza kukunja blanketi.

Lori la mawe ndilo lililomrudisha Ruiru. Hatukuwa na saa nyumbani, kwa hiyo nilimgeuza kwa sauti. Treni ya asubuhi ikipiga honi kituoni Ruiru, ubavu wa kushoto. Kile kipande cha reli kilichotundikwa timboni kikigongwa kwa mapumziko, chali. Pembe ya shamba la kahawa ikilia, ubavu wa kulia. Usiku Maitu na mimi tulipokezana, tukahesabu zamu za walinzi wa lango. Siku za kazi za lazima, nilipotolewa na wanawake wengine kwenda kuchimba barabara, Maitu aliomba jirani amshike miguu wakati wa kumgeuza. Dresa alikuwa akija zahanati ya Ruiru mara moja kwa mwezi, na safari ya kwanza alipita kwetu na baiskeli. Alimkagua ngozi yote, inchi kwa inchi, akasema, "Safi kabisa." Sijawahi kusifiwa na mtu yeyote nikafurahi kama siku hiyo.

Mume wangu hakufurahi. Alikuwa ameacha mzaha. Alilala akitazama paa la nyasi, na ukimgeuza aligeuka kama mzigo. Siku moja aliniambia nirudi kwetu Thika, kwamba hakuna mtu atakayenilaumu. Nilimwambia viazi viko motoni.

Halafu ikaja siku ya sindano.

Nyumba zile za kijiji zilikuwa mpya, sakafu ya vumbi, na funza walikuwa wengi. Maitu alikuwa hodari wa kutoa funza kuliko mtu yeyote ninayemjua. Mtu mwingine hupasua kifuko cha mayai na kidonda kikaoza. Yeye alizungusha ncha ya sindano taratibu na kumtoa mdudu mzima. Jumamosi moja mchana, mlango ukiwa wazi ili mwanga uingie, alikaa chini akaweka mguu wa mwanawe mapajani. Mtu asiyetembea hapati funza wengi, lakini mmoja alikuwa amepata njia chini ya kisigino. Maitu akachokoa.

Mguu ukajivuta. Kidole, kifundo, goti, nyonga, vyote vikajikunja kwa pamoja, na kisigino kikamtoka Maitu mikononi. Ulijivuta sawa na vile mtoto anavyovuta mguu akichomwa.

Maitu alibaki ameshika sindano hewani. Kisha akaanza kulia, mkono juu ya mdomo, na katikati ya kulia akacheka. "Umesikia," alisema. "Mwanangu, umeisikia sindano yangu."

Mume wangu alimtazama mama yake. Ilichukua muda. Mimi niliuona muda huo kwa macho yangu, na sikuuliza ni wa nini.

"Nimesikia, Maitu," alisema.

Kuanzia siku hiyo nyumba yetu ilibadilika. Miguu ilianza kuruka mara kwa mara: ukivuta blanketi, ukiweka kitambaa chenye maji baridi, mara nyingine bila sababu yoyote. Na mkojo ulianza kutoka wenyewe. Nilikuwa nimeweka viganja chini ya kitovu siku moja, hata sijakandamiza, ukatoka kwa nguvu. Maitu alisema mwili unakumbuka kazi zake moja baada ya nyingine, kama wafanyakazi wanaorudi shambani baada ya mvua.

Jumapili iliyofuata wenzake wanne wa timbo walikuja baada ya ibada. Walijaa chumba, wakanywa uji wetu wote. Walimwambia amejifanya mgonjwa ili wamkatie mawe yake, na kwamba patasi zake zimekuwa butu kwa kungoja. Yeye akacheka, kicheko chake cha zamani. Mmoja wao, mzee kuliko wengine, aliyemfundisha kazi, alitoa nyundo ya kusikilizia mawe mkobani. Aliligonga goti kwa mpini wake, kidogo tu.

Mguu ulipiga teke likaangusha kibuyu.

"Huyu ni punda wa kubeba maji," mmoja alisema, na wote wakaangua kicheko.

Yule mzee hakucheka. Aliligonga tena, akalaza kichwa upande mmoja jinsi mume wangu alivyokuwa akifanya, na mguu ukaruka tena. "Jiwe hili halina ufa," alisema taratibu. "Liko hai."

Sote tuliamini. Hata mimi niliyekuwa nimekaa kwenye lile benchi Thika na kuona goti la mtu mwenye afya linavyojibu, kidogo tu, sikukumbuka neno hilo. Niliona goti la mume wangu limelishinda langu nikalifurahia, kama mtu anayeona moto mkubwa akadhani chakula kitaiva vizuri zaidi.

Siku hiyo hiyo walimsimamisha. Wawili walimshika kwapani, wawili wakaweka nyayo zake sakafuni, na nyayo zilipogusa chini miguu ikakaza, magoti yakanyooka yakawa kama nguzo. Kwa muda wa kuhesabu mpaka tano hivi mume wangu alisimama. Maitu alitoka nje kuwaita majirani. Walipofika miguu ilikuwa imekunjika na amerudishwa kitandani, lakini waliambiwa, na wakaamini.

Sasa niseme nililofanya. Niliacha kumgeuza. Sikuacha siku moja; niliacha kidogo kidogo. Asubuhi nilikuta blanketi iko sakafuni na goti moja limepanda juu, nikajiambia amejigeuza. Nilimuuliza, naye akasema ndiyo, usiku alijigeuza, anasikia akichoka ubavu mmoja. Nilianza kulala usiku mzima. Nilirudi kuchuma kahawa shambani, kwa sababu tulihitaji posho, nikamwachia Maitu kazi yote ya mchana, naye Maitu aliona hakuna kazi. Kumkamua mkojo niliacha kabisa. Kwa nini nimkandamize mtu tumbo ikiwa anaweza mwenyewe? Nilichoka pia. Hilo nalo ni kweli. Nilikuwa nimechoka, na miguu ile iliniambia nipumzike.

Wakati wa kumwogesha niliona wekundu juu ya matako, pale mfupa unapokaribia ngozi. Nilisema ni joto la blanketi. Nilipaka mafuta.

Dresa alipokuja mara ya pili Maitu alikuwa ametoka na wanawake kuteka maji mtoni, maana lango lilifunguliwa kwa saa moja tu. Nilimpokea mlangoni kwa furaha. Nilimwambia nina habari njema, mgonjwa wake anapiga teke. Alikuwa amesimama, pua imeinuka kidogo. Mimi nilikuwa nimeizoea ile harufu, siku baada ya siku, nikaiona ni ya nyumba.

Alimgeuza mwenyewe. Ule wekundu ulikuwa umekuwa mweusi, upana wa kitako cha kikombe, na alipougusa pembeni kwa pamba ngozi ilifunguka na ndani palikuwa na shimo.

"Amegeuzwa lini mara ya mwisho?" aliuliza.

"Anajigeuza," nilisema.

Hakupandisha sauti. Alikisafisha kidonda, akakifunga, akamlaza ubavu. Kisha akatoa nyundo yake ya mpira. Aligonga goti kwa wepesi na mguu ukaruka mpaka ukagonga ukuta. Alisukuma unyayo juu kwa kiganja, na kifundo kikaanza kupiga chini na juu, chini na juu, bila kukoma, kama kanyagio la cherehani. Nakiri kwamba nilitabasamu. Alichukua ufunguo wa baiskeli akakwaruza unyayo kutoka kisiginoni kwenda mbele, na kidole gumba kikainuka polepole, vingine vikatanuka kama vya mtoto mchanga. Akaurudisha mguu chini ya blanketi.

"Ndugu, fumba macho," alimwambia mume wangu. "Nitakugusa kwa ufunguo. Uniambie ni wapi."

Mume wangu alifumba macho.

"Sasa?"

"Goti la kulia," mume wangu alisema.

Ufunguo ulikuwa umesharudi mfukoni. Dresa alikuwa amesimama mikono imelegea, hajagusa kitu. Alinitazama mimi, na mume wangu alipofumbua macho alinikuta mimi namtazama yeye.

"Sikuisikia sindano ya mama," alisema. "Sijasikia kitu hata siku moja. Miguu inaruka, na mimi nasikia blanketi ikianguka, hivyo ndivyo ninavyojua."

Nilimuuliza kwa nini alisema anasikia.

"Alikuwa analia kwa furaha. Ningemwambia nini? Halafu ikawa wewe. Halafu ikawa timbo nzima." Akaitazama blanketi. "Na mimi mwenyewe nilifikiri labda miguu imetangulia, mimi nitaifuata."

Dresa aliketi ukingoni mwa kitanda, akatueleza. Nayaandika kama nilivyoyaelewa. Alisema goti lina njia fupi. Ukiligonga, habari hupita kwenye neva mpaka mgongoni, na amri ya kuruka hurudi kutoka hapo hapo mgongoni, bila kungoja kichwa. Ndiyo maana mguu wangu uliruka Thika kabla sijafikiri. Lakini kwa mtu mwenye afya ubongo uko juu ya njia hiyo na unaituliza, unaiambia basi, imetosha. Uti wa mgongo ukikatika, mwanzoni kila kitu chini ya jeraha huzimia kwa mshtuko, na goti halijibu. Baada ya wiki kadhaa kile kipande cha chini huamka peke yake. Kinaamka, lakini hakuna wa kukiambia basi. Kinaruka kwa kila kitu, kwa sindano, kwa maji baridi, kwa sakafu chini ya nyayo. Goti lisilojibu lingeweza kutupa shaka kwamba neva zake zenyewe zimekufa. Goti linalojibu kupita kiasi lilimwonyesha yeye kwamba njia ya kwenda ubongoni haipo. Na kibofu ni hivyo hivyo. Kinajiminya bila mwenyewe kujua, kinatoa nusu na kubakiza nusu, na ile nusu inayobaki ndiyo inayoharibu figo.

Mume wangu alisikiliza kama mtu anayepewa vipimo vya ukuta.

"Kwa hiyo ni kama kuku aliyechinjwa, anayekimbia," alisema.

Dresa aliinama. "Sikutaka kutumia mfano huo."

"Nimeutumia mimi, basi. Wewe ni mpole mno." Akanigeukia. "Mwambie mzee wa timbo kwamba nyundo yake ni ya mawe."

Nilisema mimi ndiye niliyeacha kumgeuza.

"Uliacha kwa sababu nilikwambia nasikia," alisema. "Tugawane, wewe mtu wa Thika. Usichukue yote."

Kisha tukasikia sauti za wanawake wakirudi kutoka mtoni, na mitungi ikigongana. Mume wangu alinyoosha mkono akanishika kifundo cha mkono, akamtazama na dresa pia.

"Watu wote waambieni," alisema. "Mama yangu asiambiwe."

Maitu alipoingia alimsalimia dresa na kumuuliza kama ameona jinsi mwanawe anavyopiga teke. Dresa alisema ameona. Alimwambia kuna kidonda, kwa hiyo kazi ya kugeuza na ya kukamua lazima irudi kama zamani. Maitu alikubali, akasema tulilegea kwa furaha.

Tulirudia kazi zote mbili. Treni, reli, pembe. Na kati yangu na mume wangu kukawa na desturi mpya. Kila asubuhi, Maitu akiwa nje anawasha moto, niliweka kiganja juu ya goti lake na kumuuliza kwa sauti ya chini kama anasikia, naye alijibu, "Sisikii." Halafu nilipandisha kiganja, paja, nyonga, tumbo, mpaka nilipofika mahali akasema, "Hapo nasikia." Ilikuwa juu kidogo ya kitovu. Niliuacha mkono hapo kwa muda. Tangu tuoane hatukuwa tumezungumza kwa ukweli namna hiyo.

Lakini kidonda kilikuwa kimefika mfupani, na ubaya ulikuwa umeshapanda. Ilianza homa ya kutetemeka, mkojo ukawa mzito na wa rangi ya chai, akaanza kutapika. Walimpandisha tena kwenye lori la mawe. Hospitalini walisema figo zimeingiwa na ugonjwa. Alikaa siku tisa, na mimi nililala sakafuni kando ya kitanda kwa ruhusa ya yule dresa. Homa ilipopanda miguu iliruka mpaka blanketi ikaanguka, na mimi niliiokota nikaifunika miguu, na kuifunika tena. Sikuichukia. Nilijua sasa kwamba haina hatia, kwamba ilikuwa ikifanya peke yake kazi ambayo hapo zamani ilikuwa ikiifanya pamoja naye.

Alikufa mchana, baada ya chakula kugawanywa. Dresa aliitwa. Alimfungua jicho moja akalimulika kwa tochi, kisha la pili, na zile mboni hazikusinyaa kwa mwanga. Aliweka tochi mfukoni palipokuwa na nyundo. Miguu ilikuwa imetulia, imelala kama siku ile ya kwanza nilipoiona. Niliweka kiganja juu ya goti kwa mazoea, nikakiondoa.

Tulimzika Ruiru. Wenzake walimkatia jiwe, na yule mzee aliligonga mara nyingi kabla ya kulikubali. Nilikuwa nimempelekea ujumbe niliotumwa. Alivua kofia akaishika mpaka nilipoondoka.

Maitu nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyeacha kumgeuza. Hilo sikulificha. Hakusema nami siku mbili, na siku ya tatu akanipa kikombe cha uji mkononi, akasema yeye naye alikuwa katika nyumba ile ile, na macho anayo. Baada ya hapo hatukulirudia. Wazazi wangu walituma mtu kunichukua. Nilisema nitakaa kidogo, na nikakaa naye mpaka mwisho wake, ambao ulikuja kabla miaka ya hamsini haijaisha.

Kwa waliokuja kumpa pole Maitu alikuwa na maneno yale yale. Alisema mwanawe alikuwa akipona, alikuwa ameshasimama, watu wa timbo ni mashahidi. Ni homa iliyomwahi. Mimi nilikaa pembeni nikigawa chai. Sijapata kuwa mtu wa kusema uongo, si kwa wema, ni kwamba siuwezi, uso wangu unanisaliti. Kwa hiyo nilitazama vikombe.

Mwaka wake wa mwisho macho yalipungua sana, na kazi ya funza ikawa yangu. Nilijifunza kuzungusha ncha ya sindano taratibu, nisipasue kifuko. Siku moja mchana, mlango wazi, mguu wake ulikuwa mapajani mwangu na sindano ilimgusa pabaya, akauvuta.

"Uuu, wewe," alisema, akicheka. Niliona anafikiria nini kabla hajasema.

"Wewe ulikuwepo siku ile," alisema. "Niambie. Aliisikia sindano yangu, ama niliona vibaya?"

Hakuweza kuuona uso wangu.

"Aliisikia, Maitu," nilisema.

"Nilijua," alisema, akaurudisha mguu wake mapajani mwangu.